Gay's the Word, London: duka la kwenda mwezi wa pili, usisubiri wa sita

Kwa wasiopenda kusoma marefu jibu ndo hili: nendeni, nyota tano. Wenye muda tuendelee.

Gay's the Word ni duka la vitabu, lipo 66 Marchmont Street, Bloomsbury. Ukishuka Russell Square kwa treni ya Piccadilly unapita pembeni ya Brunswick Centre na hata hujachoka umefika, na ukitokea SOAS pale wanapofundisha Kiswahili napo ni kwa miguu tu. Wanauza vitabu vya jamii ya LGBTQ (mashoga, wasagaji na wenzao), hadithi, mashairi, historia, simulizi za maisha ya watu, vya watoto, vya vijana, na vya wazazi ambao mtoto kawaambia jambo jana usiku na leo asubuhi hawajui waanzie wapi. Walifungua Januari 1979 na mpaka leo wapo, ndo duka kongwe la aina hii Uingereza. Lile la New York ambalo waanzilishi walilitazama wakasema na sisi tunataka la kwetu, Oscar Wilde Memorial Bookshop, lilifunguliwa 1967 likafungwa 2009. Mwalimu kafa, mwanafunzi yupo anauza.

Sasa kwanini nasema mwezi wa pili. Kwanza Februari huku Uingereza ndo mwezi wa historia ya LGBTQ, wameuadhimisha tangu 2005, ila ukimuuliza mtu mtaani kumi kwa moja hajui. Pili ni baridi, mvua ile ya London inayonyesha bila kukuaga, hamna maandamano, hamna muziki, hamna bendera kwenye madirisha ya benki. Na duka liko wazi, taa zinawaka, mtu yupo kaunta, na ndani kuna bibi mmoja wa kizungu anabishana na kijana mwenye nywele za kijani kuhusu riwaya fulani kama vile wanajuana toka utotoni kumbe wamekutana pale pale. Ndo picha niliyoikuta mimi na sikuitegemea, nilidhani nitakuta vijana watupu.

Maana mwezi wa sita kila mtu anajua kupenda. Pride ya London yenyewe, yale maandamano ya fahari ya mashoga na wasagaji, huwa inaangukia mwishoni mwa wa sita au mwanzoni mwa wa saba, na kuanzia tarehe moja mji mzima unavaa rangi za upinde wa mvua, bendera ya jamii hii, kuanzia supamaketi hadi mabasi, soksi za upinde, sandwichi ya upinde, dawa ya kusukutua kinywa ina upinde. Kampuni moja ina nembo ya upinde kwenye ukurasa wake wa London na ukifungua ukurasa wa kampuni hiyohiyo wa nchi za Ghuba nembo haijaguswa, na hawaoni haya.

Ninapofanya kazi mimi (sitapataja, nataka kuendelea kula) ni hivyohivyo. Tarehe moja tunagawiwa kamba za kuvalia kitambulisho zenye rangi, linakuja barua pepe la wakubwa lina maneno matamu sana, na keki zinapangwa jikoni. Basi mwaka mmoja katikati ya hizo keki mwenzetu mmoja wa kike aliomba siku moja tu ampeleke mke wake hospitali kufanyiwa upasuaji, msimamizi akamuuliza kwani hana ndugu wa kumpeleka. Ndugu! Wanaume wa zamu yetu wakiomba ruhusa kwa ajili ya wake zao hamna anayewauliza habari za ndugu, wanapewa pole na wanapewa siku. Keki tulikula wote, ruhusa yeye hakupata, na mwezi wa saba ulivyoingia kamba zikakusanywa zikarudi kwenye boksi mpaka mwakani.

Na hizo keki nazo zina hali ya hewa yake. Mwaka 2025 waandaaji wa Pride ya San Francisco na ile ya New York walisema hadharani kwamba baadhi ya wadhamini wakubwa wamejitoa au wamepunguza hela, upepo wa siasa Marekani umegeuka na mapenzi yakaisha. Wakati kilichoanzisha yote haya, usiku wa Juni 28, 1969 pale Stonewall Inn huko New York, ni watu waliochoka kuvamiwa na polisi kwenye baa yao, mwaka uliofuata wakaandamana kuikumbuka siku hiyo, na London ikafanya Pride yake ya kwanza Julai 1, 1972. Hamna kampuni iliyowadhamini, hamna hata aliyekuwa na uhakika atarudi nyumbani salama. Kwahiyo nikiona mtu anahesabu wadhamini waliokimbia mi huwa nageuka nawatafuta waliokuwepo kabla ya wadhamini, na hili duka ni mmoja wao.

Huduma yenyewe sasa. Ukiingia hawakurukii. Wanakusalimia wanakuacha, unazunguka unavyotaka, unashika unarudisha, hamna anayekufuata nyuma (na nyie weusi wenzangu mnaoishi huku mnajua hilo peke yake ni nusu ya nyota). Ila ukiuliza, ndo utajua tofauti ya duka na mtandao. Mimi nilieleza kwamba nataka kitabu cha kumpa mama mmoja mtu mzima, mcha Mungu, Kiingereza chake cha kawaida, mwanawe kamwambia yeye ni shoga na mama toka siku hiyo analia tu. Jamaa wa kaunta hakunivutia kile kinachouzwa sana. Aliniuliza huyo mama anapenda kusoma nini kwa kawaida, ni Mkristo au Mwislamu, mtoto ana umri gani, wanaishi pamoja au mbali, alafu akaniletea vitatu na kimoja akakirudisha mwenyewe kwenye shelfu akasema hiki atakifunga ukurasa wa kumi. Programu gani ya simu inafanya hivyo, hamna.

Bei ni bei ya kitabu kipya London, usitegemee miujiza. Mtandaoni kwa wale wakubwa utapata rahisi zaidi kwa pauni mbili tatu. Mi nalipa hizo pauni mbili tatu bila kinyongo, na nitawaeleza kwanini, mnivumilie kidogo maana hapa ndo penye uhondo.

Aprili 10, 1984 maafisa wa forodha walivamia hili duka. Operesheni yao waliipa jina Tiger kabisa, kana kwamba wanakwenda kukamata majangili, kumbe ni duka la vitabu. Wakabeba vitabu vya maelfu ya pauni, na wakaenda hadi majumbani kwa wakurugenzi. Waliobebewa kazi zao wamo waandishi ambao leo wanafundishwa vyuo vikuu, Tennessee Williams yumo, Jean Genet yumo. Kosa lilikuwa ni kula njama ya kuingiza nchini vitabu vichafu, na sheria waliyotumia ni ya forodha ya mwaka 1876. Na ujanja ulikuwa hapa: vitabu vingi vya mashoga enzi hizo havikuchapishwa Uingereza, vilitoka Marekani, na kitabu kilichochapishwa Uingereza kilipimwa kwa kipimo kigumu zaidi kabla hakijaitwa kichafu, ila kilichotoka nje forodha ilitosha iseme tu hiki hakina staha. Kitabu kilekile, maneno yaleyale, kikichapwa London salama, kikishuka bandarini ni jinai.

Watu wakachanga. Wasomaji, waandishi, wachapishaji, watu wa kawaida wakatuma hela za mawakili, mwandishi Gore Vidal alitoa pauni 3,000. Kesi ikaburuzwa hadi 1986 ndo serikali ikafuta mashtaka, na mjue kilichowaokoa ni nini, nilicheka peke yangu kwenye basi nilivyokuja kusoma. Kuna kampuni nyingine kabisa ilikuwa imeagiza midoli ya kujaza upepo kutoka Ujerumani, ile midoli ya watu wazima mnaielewa, forodha wakaikamata, kesi ikafika mahakama ya Ulaya, na mahakama ikasema huwezi kuzuia bidhaa isiingie kwa kuwa ni chafu ilhali kwako kuitengeneza na kuiuza ni halali. Basi na vitabu vikapona humohumo. Midoli ya plastiki ikafungua njia ya fasihi, aisee.

Alafu hebu angalieni tarehe. Aprili 1984 duka limevamiwa, wakurugenzi wana kesi shingoni. Mwezi mmoja nyuma wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wameanza mgomo wao dhidi ya serikali ya Thatcher, mgomo ulioenda mwaka mzima, familia hazina mshahara. Kwenye Pride ya mwaka huohuo vijana wawili, Mark Ashton na Mike Jackson, wakapitisha ndoo kuwachangia wachimbaji, wakaanzisha kundi la mashoga na wasagaji la kuunga mkono mgomo, na kundi likawa linakutana humu dukani na kuchangisha hapo nje kwa ndoo. Duka lenyewe linatafuta hela ya wakili! Na wale wachimbaji wa bonde la Dulais kule Wales kusini hawajawahi kuwafanyia chochote, wengine hawajawahi hata kumuona shoga aliyejitangaza. Desemba wakafanya tamasha Camden, hapahapa London, bendi ya Bronski Beat ikapiga, zikapatikana pauni zaidi ya 5,000 usiku mmoja.

Mgomo ulishindwa, Machi 1985 wakarudi migodini mikono mitupu. Na hapo ndo ninapopapenda mimi kwenye hadithi yote, maana ingeweza kuishia hapo, kila mtu ashike njia yake. Juni 1985 wachimbaji na familia zao wakapanda mabasi kutoka Wales wakaja kutembea mbele kabisa kwenye Pride ya London na mabango ya chama chao. Na kwenye mkutano mkuu wa chama cha Labour mwaka huohuo hoja ya haki za mashoga na wasagaji ikapita, na kura za chama cha wachimbaji zilikuwa nyuma yake. Hawa watu walikumbukana mwezi wa kumi kwenye ukumbi wa mkutano wenye karatasi na wajumbe wenye usingizi, ambako hamna kamera ya mtu anayetaka kuonekana mwema. Mark Ashton alifariki Februari 1987 kwa ukimwi ana miaka 26. Kibao chake cha kumbukumbu kipo ukutani hapohapo juu ya duka, mkifika inueni macho, wengi wanapita chini yake hawakioni.

Mwaka uliofuata 1988 ikaja Section 28, sheria ya kuzikataza halmashauri kile walichokiita kutangaza ushoga, shule na maktaba zikaogopa hata kuweka kitabu, na ilikaa England na Wales mpaka 2003. Miaka kumi na tano. Yani mtoto wa shule wa wakati huo mwenye maswali, mwalimu amefungwa mdomo, maktaba imefungwa mkono, kilichobaki ni kupanda treni kuja Marchmont Street na kusimama nje dakika ishirini akijifanya anasubiri mtu. Vioo vya duka vimepigwa mawe zaidi ya mara moja. Na 2007 kodi ya pango nusura iwafunge kabisa, wateja wakachanga tena, watu wakawa wanadhamini mashelfu. Ndo maana pauni zangu mbili tatu sizilalamikii.

Najua kuna mtu anasoma hapa ananung'unika kwamba haya yote ni mambo ya wazungu yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana, ndugu yangu. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai ya Kenya na cha 154 cha Tanzania, yale maneno ya kinyume cha maumbile, hayakuandikwa na wazee wetu chini ya mwembe, yaliletwa na Waingereza hawahawa kwenye makontena ya sheria zao, wakatuachia, alafu wenyewe kwao wakaanza kuiondoa 1967. Tanzania adhabu inafika kifungo cha maisha, Kenya miaka kumi na minne, na Mahakama Kuu ya Kenya Mei 24, 2019 ilikataa kuvifuta. Uganda 2023 wakaongeza yao mpaka adhabu ya kifo kwa wanachokiita ushoga uliokithiri. Ila pia Kenya hiyohiyo Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema NGLHRC, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, lina haki ya kusajiliwa kama shirika jingine lolote, kesi waliyoisukuma karibu miaka kumi, ofisi moja hadi nyingine, rufaa juu ya rufaa. Mi nikisikia fahari ndo naona hiyo, mwanasheria na mafaili yake siku ya Jumanne, kuliko mtu aliyenunua soksi.

Na weusi tumo kwenye hili duka toka zamani, kundi la mashoga weusi la London lilikuwa linakutana humu miaka ya 80 mwanzoni, sijui hata kama kuna mtu alikuwa na neno la kuwaitia. Leo kuna UK Black Pride, toka 2005, nayo ni nzuri sana kwa chakula (ile pilau sitaisahau), ila ni siku moja ya kiangazi.

Lingine la kusema kuhusu Waswahili wenzetu. Wapo wengi huku London wametoka Uganda, Kenya, Tanzania, Burundi, wanaomba hifadhi kwa sababu hii, na wengine bado wanajificha hadi kwa watu wa kabila lao kwa kuogopa habari itafika nyumbani kabla ya jioni. Zamani serikali ya hapa ilikuwa inawaambia rudini kwenu mkaishi kwa siri, mtakuwa salama, mpaka Julai 2010 Mahakama ya Juu ya hapa ilivyosema huwezi kumrudisha mtu ukamwambia usalama wake ni kujificha maisha yake yote. Jaji mmoja humo akaandika kwamba mashoga wa kiume wana haki ya kufurahia tamasha za Kylie, yule mwimbaji, na kunywa vinywaji vyenye rangi za ajabu, alikuwa anatoa mfano lakini watu walicheka wiki nzima. Mtu wa namna hiyo, ambaye chumba anakaa na wanne asiowajua, kumpeleka sehemu ambayo haina pombe, haina muziki wa kupasua masikio, hamna anayemtaka aseme yeye ni nani, anashika kitabu anasoma kurasa mbili anarudisha, jamani hiyo ni huduma na hawaiandiki kwenye bei. Klabu za Soho, mtaa wa starehe wa London, haziwezi kumpa hiyo, na wengi wetu dini na malezi yetu hatuwezi kuanzia klabu.

Kasoro basi, msiseme nimelipwa. Ni dogo. Watu wanane ndani na hampishani, mwenye kiti cha magurudumu apige simu kwanza aulize. Vitabu vya Kiswahili msitegemee, na hapo lawama siwapi wao, wauze nini wakati wachapishaji wetu hawajathubutu? Ukimtafutia mtu wa nyumbani inabidi asome Kiingereza, na yule mama niliyewaambia tulikuwa tunamsomea kwa simu, mimi natafsiri yeye anaguna. Mwanzo alikuwa anaguna vibaya. Siku hizi ananiuliza ile hadithi tuliishia wapi.

Na kama una rafiki wa kumzawadia anayekaa nje ya London wanatuma kwa posta, ukiagiza kwenye tovuti yao hela inaingia kwao moja kwa moja badala ya kwenda kwa yule tajiri mwenye maghala. Kuna jioni za waandishi pia na makundi ya kujadiliana, ratiba zinabadilika, angalieni kwenye kurasa zao kabla hamjapanda treni. Masaa ya Jumapili ni machache. Jumamosi mchana msiende mkiwa kundi, mtabanana mlangoni na mtu wa kaunta hatapata nafasi ya kuwauliza yale maswali yake, na bila yale maswali mmelipa nauli bure. Siku ya kazi asubuhi ndo yenyewe, hasa mkiwa mnatafuta kitabu cha mzazi.